Likizo ya milimani: kabla ya kuuliza kilele, uliza utalala wapi

Mguu Njia (mwenye uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ikikaribia Juni, maswali ya kupanda mlima huanza kumiminika. Kilimanjaro ni shilingi ngapi? Siku tano zinatosha? Mtu ambaye hajawahi kupanda popote anaweza kufika kilele cha Uhuru? Majibu huwa ni ya bei na ya ushujaa. Uzi huu naufungua kwa ajili ya wale wanaotaka mlima uwe likizo: watembee, wale vizuri, wapige soga na wenyeji, na wakirudi nyumbani wawe na hamu ya kwenda tena.

Nimetembea Usambara na Meru, nimepanda Kilimanjaro na Mlima Kenya, nikajaliwa kufika Nepal na milima ya Alpi kule Ulaya. Kote huko nimekuta jambo lilelile: utamu wa safari unaamuliwa na mahali unapolala kila usiku. Mtu akinionyesha ratiba, macho yangu yanakwenda kwenye vituo vya kulala na mita zake kabla ya kitu kingine chochote. Kileleni unakaa dakika chache, upepo unakufukuza. Kwenye vituo ndiko unakokula, ndiko mwili unakozoea hewa, ndiko unakofahamiana na watu.

Tuanze na mlima tunaoujua wote. Chukua njia ya Marangu. Lango liko kwenye mita 1,860 hivi. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, kama mita 4,720, na huko hulali hasa, maana karibu na saa sita usiku unaamshwa uanze kupanda kwenda Uhuru, mita 5,895. Piga hesabu. Kila siku mwili umepandishwa mita elfu moja, halafu usiku wa mwisho ukaongezewa nyingine elfu na zaidi.

Madaktari wa milimani wanashauri hivi: ukishavuka mita 3,000, kituo cha kulala kisipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale palepale siku mbili. Ratiba ya siku tano ya Marangu inaipita kanuni hiyo kwa mbali. Pale Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Mombasa, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inakuletea nusu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kujirekebisha, unapumua kwa kasi zaidi na damu nayo inabadilika, lakini kazi hiyo inataka siku. Haihimizwi kwa mazoezi ya uwanjani. Nimeona kijana anayecheza mpira kila jioni akitapika Kibo huku mama wa makamo aliyekuwa nyuma yake siku zote akinywa uji kwa raha. Kijana alikuwa na mapafu mazuri na miguu mizuri, akakimbia, akafika kila kituo mapema. Mlima hauna zawadi kwa anayefika mapema.

Sasa ongeza usiku mmoja tu Horombo. Siku hiyo ya ziada unatembea polepole kuelekea upande wa kilele cha Mawenzi, unapita kwenye ule mwamba wenye mistari kama pundamilia, unafika juu ya mita 4,000, kisha unarudi kula na kulala palepale Horombo. Hiyo ndiyo kanuni ya wapandaji duniani kote: panda juu, lala chini. Njia ya Machame inafanya hivyo bila hata kuongeza siku. Kutoka Shira unapandishwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, unakula chakula cha mchana ukiwa na kichwa kizito, halafu unashushwa Barranco, chini ya mita 4,000, ukalale. Ukichagua Machame ya siku saba badala ya sita, unapata usiku mmoja Karanga kabla ya Barafu. Siku hiyo huiona faida yake mpaka usiku wa kilele unapofika.

Kuna jambo jingine kuhusu Horombo ambalo halipo kwenye ratiba. Jioni mawingu yanakaa chini yako, Mawenzi inageuka nyekundu, na giza likishaingia taa za Moshi zinaonekana kule bondeni. Ukiwa na siku ya ziada unakuwa na nafasi ya kuketi na kutazama. Ukiwa na ratiba ya siku tano unakuwa umelala saa moja jioni na kichwa kinagonga.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

Binti Soni

Ahsante kwa uzi, kaka. Mimi nataka kusema ukweli: ada ya hifadhi ya Kilimanjaro pamoja na wapagazi na mpishi, hata kwa bei ya mwananchi, siimudu mwaka huu. Na baridi ya kuganda maji siitaki. Je, kuna likizo ya mlima kwa mtu kama mimi, au nisubiri?

Mguu Njia

Dada, usisubiri hata wiki moja. Wewe jina lako tu linaonyesha umetoka kwenye mojawapo ya sehemu nzuri kuliko zote za kutembea Afrika Mashariki, milima ya Usambara, na ninasema hivyo nikiwa nimeiona Alpi.

Kwa wasiojua: unashuka Mombo kwenye barabara kuu ya Tanga kwenda Moshi, unapanda gari la Soni na Lushoto. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo ugonjwa wa mwinuko usikuumize kichwa hata kidogo. Siku ya kwanza tembea hadi Irente. Unatokea ukingoni mwa jabali, chini kabisa unaiona Mombo na nyika ya Wamasai inakwenda mpaka macho yanachoka. Pale karibu kuna shamba linalotengeneza mikate na jibini, kula hapohapo.

Kisha ianze safari yenyewe: kutoka Lushoto kupitia msitu wa Magamba kwenda Rangwi, kutoka Rangwi kwenda Mtae au Mambo. Magamba ni msitu wa zamani, wenye mbega weupe kwa weusi na vinyonga wenye pembe ambao mwongozaji atakuonyesha wewe ukiwa umewapita bila kuwaona. Tafuta mwongozaji wa kijijini, wapo Lushoto, wamejiunga kwenye vikundi na wanazijua njia za mashambani. Rangwi unalala kwenye nyumba ya wageni ya masista. Chakula chao ni cha nyumbani: wali, maharage, mboga za majani za bustani yao, chai ya maziwa. Ukitoka msituni umelowa jasho ukaketi pale, hutaki mtu akwambie habari ya kilele.

Siku ya Mtae ni ya vijijini. Unapita katikati ya mashamba ya kabichi na viazi yaliyokatwa matuta kwenye miteremko mikali, watoto wanakusalimia, wanawake wanashusha mizigo sokoni. Mtae yenyewe imekaa juu ya ukingo kama mtu aliyeketi kwenye ukuta miguu ikining'inia. Upande wa kaskazini unatazama tambarare za Mkomazi na milima ya Upare, na asubuhi hewa ikiwa safi unaiona Kilimanjaro kwa mbali. Lala usiku mmoja hapo, usifike na kugeuza. Mabasi ya kurudi huondoka kukiwa bado giza, kwa hiyo ulizia saa jioni ile unapofika.

Epuka Machi hadi Mei. Udongo wa Usambara ukiloa ni utelezi mtupu, na ile miteremko haina huruma na magoti. Juni hadi Septemba ni kikavu ila usiku kuna baridi ya kweli, beba sweta zito.

Kijana wa Nanyuki

Huku kwetu Mlima Kenya watu wanatoka Nairobi Ijumaa, Jumamosi wako Old Moses, Jumapili Shipton's, Jumatatu alfajiri Point Lenana, jioni wako kwa gari wakirudi. Wengi wanafika. Kwa hivyo hiyo kanuni yako ya mita 500 ni ya wageni wa Ulaya pengine?

Mguu Njia

Ndugu yangu, wanafika, sikatai. Tazama wanafikaje. Old Moses ni mita 3,300. Shipton's ni 4,200. Mtu aliyelala Nairobi kwenye mita 1,700 usiku wa Alhamisi, Jumapili analala mita 4,200. Mlima Kenya unajulikana kwa kuwapa watu ugonjwa wa mwinuko, na sababu kubwa ni hiyohiyo: barabara zinapanda juu na njia ni fupi, kwa hiyo mtu anafika mbali kabla mwili haujajua ametoka nyumbani. Kuzaliwa Afrika Mashariki hakumkingi mtu. Waulize waongozaji wenu wa njia ya Sirimon ni wangapi wanaowashusha usiku.

Dawa yake ni nyepesi. Lala Old Moses siku mbili, na siku ya katikati panda mpaka kichwa kianze kukwambia kitu, urudi. Au lala Shipton's siku mbili. Bonde la Mackinder pale chini ya vilele vya Batian na Nelion linastahili siku nzima. Kuna pimbi wanakuja mpaka mlangoni, kuna malobelia yaliyojikunja kwa baridi asubuhi na kufunguka jua likipanda. Batian ni mita 5,199 na inataka kamba na ujuzi wa kukwea miamba, sisi watembeaji tunaishia Lenana, mita 4,985. Ukishalala vizuri utaiona Lenana kama matembezi ya asubuhi.

Na kama ukiweza, panda kwa njia ya Sirimon ushuke kwa njia ya Chogoria. Ziwa Michaelson likionekana chini ya yale majabali, utashukuru kwamba hukuwa na haraka ya gari la jioni.

Dalili nazo tuziseme wazi, kwa sababu zinaua. Maumivu ya kichwa, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu: hapo usipande zaidi, lala ulipo au shuka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akihema akiwa ameketi na kukohoa kifua kimejaa, ashuke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hata kama amelipa fedha ya maisha yake. Vidonge vya asetazolamaidi vinasaidia mwili kuzoea, daktari wako akikuandikia, ila havibadilishi hesabu ya vituo.

Mkonzo wa Kasese

Nisalimie wote kutoka Uganda. Kiswahili changu mnivumilie. Mmetaja milima yote mkaacha Rwenzori. Kilele chetu Margherita ni mita 5,109, cha tatu Afrika. Sisi Bakonzo tumebeba wageni tangu wakati wa yule mwanamfalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, 1906. Kwetu hakuna kitu kama vumbi. Ni tope, mvua, tope tena. Watu wanatembea na gambuti.

Mguu Njia

Kiswahili chako kiko vizuri kabisa, ndugu. Mimi Rwenzori bado sijakanyaga, kwa hiyo wewe ndiye mwalimu. Ila nimeisoma ratiba yenu kwa jicho lileile la vituo, na inanivutia: Nyabitaba kama mita 2,650, John Matte kama 3,400, Bujuku chini kidogo ya 4,000, Elena 4,540. Inapanda kwa hatua zinazoeleweka, na kila kituo kina kibanda. Hebu tuambie usiku ukoje huko.

Mkonzo wa Kasese

Usiku ni moto na chai. Mgeni akifika kibandani, kazi ya kwanza ni kukausha soksi. Bujuku iko katikati ya milima, Baker upande mmoja, Speke upande mwingine, Stanley mbele. Kuna misenesio mirefu kuliko nyumba, na mimea midogo yenye manyoya inaning'inia kila mahali, kijani na manjano. Wageni wengi wanataka kilele, lakini wakiwa chini wanachozungumza ni Bujuku na ziwa Kitandara. Barafu ya Margherita imepungua sana. Baba yangu alipokuwa mpagazi waliifikia mapema, sasa ngazi zimewekwa kwenye miamba ambako zamani walikanyaga theluji. Anayetaka kuiona asichelewe miaka mingi.

Tafadhali wageni waje na jozi mbili za glovu. Moja italoa.

Mguu Njia

Nashukuru sana. Hayo ya barafu yananihuzunisha, kwetu kwenye kilele cha Kibo ni vilevile.

Umetaja upagazi, na hapo ndipo nilipotaka tufike. Ukishauliza wewe utalala wapi, uliza wapagazi watalala wapi. Hili swali naliona ni zito kuliko yote kwenye uzi huu.

Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na mizigo inapimwa langoni. Kupimwa langoni si mwisho wa habari. Mtu aliyebeba hema lako la kulia chakula anakwenda mbio ili alisimamishe kabla hujafika, na usiku watu kadhaa wanalala humohumo, chini, baada ya wageni kumaliza chai. Kama hema hilo halina sakafu na mvua imenyesha, wamelala majini. Kama kampuni imekuuzia bei ya chini kuliko wengine wote, ile tofauti imetoka mahali, na mara nyingi imetoka kwenye sahani ya mpagazi: anakula mara moja kwa siku, amevaa koti la kuazima, malipo yake yanakatwa.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye kampuni maswali haya mbele ya uso wake. Wapagazi wangapi kwa kila mgeni? Wanakula mara ngapi? Wana hema lao lenye sakafu? Mshahara wao ni kiasi gani kwa siku, mbali na bakshishi? Pale Moshi upo mradi wa KPAP unaofuatilia jinsi wapagazi wanavyotendewa na makampuni yanayoshirikiana nao, na unaweza kuulizia kama kampuni yako imo. Mwenye kampuni mwema hakasiriki akiulizwa. Anafurahi, kwa sababu yeye ndiye anayeumizwa na wauza bei ya kutupa.

Na sisi wananchi tuna faida ambayo mgeni hana: tunazungumza lugha moja na wagumu, maana ndivyo wanavyojiita. Jioni toka kwenye hema lako uende jikoni. Utapewa habari za mlima ambazo hazipo kwenye karatasi yoyote, za miaka ya theluji nyingi, za njia zilizofungwa, za wazee wa Marangu waliowaongoza Wazungu wa kwanza. Wazungu hao, Meyer na Purtscheller, walifika kileleni Oktoba 1889, lakini hawakufika pale wenyewe kutoka pwani. Walibebewa, walipikiwa, walionyeshwa njia.

Msafiri wa Mbeya

Mkuu, na huko nje? Umesema Nepal. Kwa mshahara wa kawaida inawezekana?

Mguu Njia

Tiketi ya ndege ndiyo inayouma. Ukishafika, maisha ya njiani ni nafuu kuliko Kilimanjaro, na sababu ni vituo. Nepal unatembea kutoka kijiji hadi kijiji, na kila kijiji kina nyumba za kulala wageni zinazoendeshwa na familia. Chumba ni bei ndogo kwa makubaliano kwamba utakula kwao. Chakula ni wali na dengu, pamoja na mboga na achari, na unaongezewa mpaka ushibe. Mtu wa pwani au wa bara, huko hatapata shida ya tumbo kumkataa. Huhitaji hema, huhitaji mpishi.

Mfano wangu ni mzunguko wa Annapurna. Unapanda na mto Marsyangdi: Chame mita 2,700 hivi, Pisang 3,200 na kitu, Manang kama 3,500. Manang unalala siku mbili, ndiyo desturi ya njia. Kuna kituo cha afya cha shirika la uokoaji la Himalaya, na wakati wa msimu madaktari wake huwaeleza wasafiri habari za ugonjwa wa mwinuko. Kisha Yak Kharka mita 4,050, Thorong Phedi karibu 4,500, na alfajiri yake unavuka Thorong La, mita 5,416, ukashuke kulala Muktinath kwenye 3,800. Linganisha na Marangu ya siku tano. Njia hii inavuka mahali pa juu kuliko Lava Tower kwa mita mia nane, na watu wa kawaida kabisa wanavuka wakiwa na nguvu, kwa sababu vituo vimepangwa na miili ya watu kwa miaka mingi.

Siku hizi barabara imefika mpaka Manang. Gari linaweza kukutoa mabondeni na kukuweka mita 3,500 kwa siku moja au mbili. Usikubali. Tembea angalau kutoka Chame. Hali ya hewa nayo iheshimuni: Oktoba 2014, mwezi unaohesabiwa kuwa bora, dhoruba ya theluji iliwakuta watu karibu na Thorong La na milima ya jirani, na zaidi ya 40 walikufa. Wenye nyumba wakikwambia leo usivuke, agiza sahani nyingine ya wali ukae.

Adabu mbili za njia. Ukikutana na nyumbu au yak, ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu, wamebeba mizigo, simama upande wa mlimani, kamwe usisimame upande wa bonde. Na ukikuta ukuta wa mawe yaliyoandikwa sala, upite uwe mkono wako wa kulia. Wenyeji wanaona, na wanafurahi.

Peru nitasema kwa ufupi. Ile njia ya Wainka ya siku nne kwenda Machu Picchu ina idadi maalumu ya watu kwa siku, hufungwa Februari, na lazima ulale Cusco kwanza, mita 3,400, siku mbili tatu kabla ya kuanza.

Mzee wa Kihesa

Vijana, mimi nimestaafu. Kifua kizima, magoti yanalalamika. Binti yangu yuko Geneva na anasema nije tutembee naye milima ya huko. Nimesoma habari ya kuzunguka Mont Blanc. Niende au anibembeleze tu?

Mguu Njia

Shikamoo mzee wangu. Nenda, na umwambie binti aanze kutafuta nafasi sasa hivi.

Mzunguko wa Mont Blanc ni kama kilomita 170, unapita Ufaransa, Italia na Uswisi, na wengi huutembea kwa siku kumi au kumi na moja. Habari njema ni vituo: unalala mabondeni au kwenye vibanda vya mlimani ambavyo vingi viko kwenye mita 2,000 hivi, na mapito ya juu kabisa hayafiki mita 2,700. Kichwa hakitauma. Kazi iko kwenye magoti, maana kila siku unapanda kutoka bonde moja na kushuka bonde jingine, na ukijumlisha mipando yote unapata karibu mita 10,000. Kwa hiyo mzee, usiuzunguke wote. Kaeni upande wa Italia, juu ya Courmayeur, kutoka kibanda cha Bertone hadi cha Bonatti. Siku hiyo moja unatembea ubavuni mwa mlima ukitazamana na barafu za Mont Blanc na majabali ya Grandes Jorasses ng'ambo ya bonde, na njia haina mipando mikali ukishafika juu. Lala Bonatti, kesho yake shukeni taratibu bondeni mpande basi.

Vibanda vya Alpi vina taratibu zake. Buti zinaachwa mlangoni, unavaa ndala za ndani. Beba shuka lako la kulalia la kushonwa kama mfuko. Chakula cha jioni ni saa moja kwa wote, mezani pamoja, na ndiyo raha yenyewe: unaketi na Mjerumani, Mkorea, Mfaransa, mnapitishiana bakuli la supu. Asiyekula nguruwe aseme wakati wa kuweka nafasi, watampikia kingine. Msimu ni katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, na vibanda hujaa miezi kabla. Viza ya Schengen iombwe mapema vivyo hivyo.

Chukua fimbo mbili za kutembelea. Kwenye mteremko zinatoa uzito kwenye magoti. Fanya mazoezi nazo hapo kwenu Iringa miezi miwili kabla, kwenye ngazi na vilima, hasa kushuka.

Mzee wa Kihesa

Marahaba. Umenipa nguvu. Namtumia binti hii yote.

Maskati Kwetu

Assalaam alaykum. Sisi familia yetu ya Unguja tuko Oman tangu wazee. Watu wanadhani hapa ni jangwa tupu, lakini Jebel Shams inafika karibu mita 3,000 na wakati wa baridi tunatembea kila wiki. Ile njia ya kando ya bonde la Ghul, wanaita W6, unakwenda juu ya ukingo, chini yako bonde limezama mno, mpaka kwenye kijiji kilichoachwa cha As Sab, nyumba zimejengwa chini ya mwamba na mashamba ya ngazi bado yanaonekana. Alama za rangi zimepakwa kwenye mawe: njano, nyeupe, nyekundu. Oktoba mpaka Aprili ndiyo wakati wake, majira ya joto hapatembeki.

Swali langu: Desemba tunakuja Tanzania na vijana wangu wawili, wana miaka kumi na nane na ishirini. Tuna siku tisa za mlima. Wao wanataka Kilimanjaro. Unatupangiaje?

Mguu Njia

Wa alaykumu salaam. W6 umeieleza nikaiona, nikipata njia ya kuja nitakutafuta.

Kwa siku tisa mna nafasi ambayo wengi hawana, msiile yote kwa kilele kimoja. Anzeni na Mlima Meru, siku nne. Mnaingia lango la Momella, mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, twiga wanawatazama njiani. Usiku wa kwanza Miriakamba, mita 2,514. Wa pili Saddle, mita 3,570, na alasiri hiyo vijana wapande Meru Ndogo, mita 3,820, washuke kulala. Usiku huo mnaondoka saa nane kwenda kilele, mita 4,566, kwenye ukingo mwembamba wa shimo la volkano. Jua likichomoza linatokea nyuma ya Kilimanjaro. Mnashuka kulala Miriakamba tena, kesho yake mnatoka.

Mnaingia Marangu siku inayofuata moja kwa moja, msipoteze kile mwili ulichojifunza Meru. Siku tano zilizobaki: Mandara, Horombo, Kibo na kilele, Horombo, kutoka. Ratiba hiyohiyo niliyoilaumu juu, kwenu inakubalika kwa sababu mnaingia mkiwa mmeshalala mita 3,570 na kufika 4,566 siku chache kabla. Ila mkifika Horombo na mmoja wenu kichwa hakijatulia, alale Horombo usiku wa pili na asiende Kibo. Mpangieni hilo na mwongozaji kabla ya kuondoka Moshi, ili awepo mwongozaji msaidizi wa kubaki naye na wapagazi wawe na chakula cha siku hiyo.

Desemba mvua za vuli zinaweza kuwa bado hazijaisha, kwa hiyo vibanda vya Meru na Marangu vitawafaa kuliko mahema. Wekeni nafasi mapema, wiki ya Krismasi na mwaka mpya Marangu hujaa. Mifuko ya kulalia ya baridi kali mtakodi Moshi, ikagueni zipu mkiwa dukani. Buti msikodi. Njooni nazo kutoka Oman, hizohizo mnazotembelea Jebel Shams.